Noti Isiyofika Jukwaani

Mpaka leo nikiona fulana nyeusi iliyoandikwa "Usalama" mgongoni, damu inanichemka. Watu huniambia nisamehe, yamepita. Nisamehe nini, na aliyekosewa si mimi? Na kosa langu mwenyewe, ambalo nitalifikia, nani wa kunisamehe?

Nianze na rafiki yangu. Tumekulia Michenzani, jengo moja, ngazi moja, wao ghorofa ya tatu na sisi ya pili. Tangu mdogo mikono yake haitulii. Akipewa sahani ya wali, kwanza ataipiga. Mama yake alikuwa mwitikiaji katika kikundi cha taarab, na siku za mazoezi alimchukua akamkalisha nyuma ya wapigaji, mtoto akaijua ngoma ya dumbaki kabla hajamaliza juzuu ya kwanza chuoni. Ukubwani alihamia kwenye dramu za hotelini, zile za kuwaburudisha wageni wakila kamba. Huko ndiko alikokutana na vijana wanne kutoka Ulaya waliokuwa wakipiga muziki unaoitwa black metal.

Sisi tuliuita chuma cheusi. Sitaki kujifanya mjuzi wake. Magitaa yananguruma bila ya kupumua, mwimbaji anapiga ukelele kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, na wote hujipaka nyuso nyeupe na macho meusi. Rafiki yangu naye akajipaka, poda ya mtoto na wanja. Wanja wenyewe ulikuwa wa mama yake, na ndivyo alivyokamatika.

"Chuma cheusi?" mama aliuliza. "Kwani unakwenda gereji?"

Alichekesha, lakini yeye mwenyewe hakucheka. Majirani walikuwa wameshaanza maneno yao kwenye ngazi: kijana kaingiwa, huyo si mzima, apelekwe akasomewe. Watu wa jengo letu wakikosa la kusema huumwa. Mama akawa hataki kuusikia hata kutajwa muziki ule, na hapo ndipo palipokuwa na uzito, kwa sababu mpiga dramu wa wale vijana alikuwa amewaacha, nao wakamtaka rafiki yangu asafiri nao miezi mitatu, Nairobi kwanza, kisha mbele zaidi. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Lakini alisema wazi kwamba bila ya radhi ya mama yake hatoki kisiwani. Na mama naye akasema wazi kwamba hatoi radhi kwa kitu ambacho hajakisikia kwa masikio yake.

Basi tukampeleka akasikie.

Onyesho lilikuwa Uroa, kwenye uwanja wa mchanga wa hoteli moja ya ufukweni, baada ya Alasiri, kwani walitakiwa wamalize kabla ya Magharibi. Tulikwenda watatu: mimi, mama, na rafiki yetu wa kike, mwalimu wa skuli ya msingi, mwenye ulimi mkali kuliko wangu. Mama alivaa gauni lake la kijani la kwendea taarab, akajifukiza udi, akajitanda mtandio mpya. Kila aliyekuwa pale alikuwa na fulana nyeusi na miguu wazi. Yeye akaingia katikati yao kama anaingia harusini, akatafuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa pindo la mtandio, akakaa. Nilimpenda sana saa ile.

Muziki ulipoanza, kina mama waliokuwa wakirudi na mwani wao walisimama nje ya ua wa makuti kutazama, na watoto wakaziba masikio huku wanacheka. Mama hakuziba. Alifumba macho.

"Anaimba nini huyu?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Basi hata yeye hajui." Akatega sikio. "Lakini wetu anapiga."

Mwalimu alinibana mkono. Tulijua kwamba mlango umefunguka.

Mbele ya jukwaa, wageni walikuwa wakirukiana na kupigana vikumbo, bia zinamwagika, mmoja anaanguka, wenzake wanamnyanyua. Kijana mmoja asiye na shati alipanda jukwaani, akanyoosha mikono, akajirusha juu ya vichwa vya watu. Wakamdaka, wakampigia makofi. Mlinzi, kijana wa hapahapa Unguja mwenye fulana ya "Usalama" na redio ya mkononi, alikuwa akitazama na kutabasamu. Naomba msomaji asisahau tabasamu lile.

Kisha magitaa yakanyamaza, ikabaki dramu peke yake. Rafiki yangu aliinama, akaanza polepole, na mimi niliyemsikia tangu utotoni nikatambua anapiga nini. Ndani ya zile ngoma za Kizungu alikuwa ameingiza dumbaki, mwendo uleule aliojifunza nyuma ya migongo ya wapigaji wa mama yake. Mama akafumbua macho.

Anayejua taarab anajua kwamba mtu hanyanyuki ovyo kwenda kutunza. Unangoja ubeti wako. Ukifika ule unaosema la moyoni mwako, unanyanyuka, unakwenda kwa madaha, noti umeinua juu watu waione, unaipeleka mpaka kwa msanii. Noti yenyewe si kitu. Unachokipeleka ni neno, na wote waliokaa wanakuwa mashahidi kwamba umelisema. Wako waliopatana kwa njia hiyo baada ya miaka ya kutosalimiana, na wako waliotukanana vilevile.

Mama alifungua fundo kwenye pindo la mtandio, akatoa noti, akasimama.

Mimi nilijua anachokwenda kufanya. Nilijua pia kwamba wale wageni hawajui. Ningeweza kumtangulia hatua kumi, nikamwambia mlinzi maneno manne tu: huyu mama yake, anamtunza. Badala yake nikatoa simu. Nilitaka kupiga video. Nilijiambia kwamba rafiki yangu ataitaka akishakuwa mbali.

Alikwenda kwa madaha hasa, bega hili, bega lile, noti juu. Baadhi ya wageni walimpisha, wengine wakashangilia. Akafika kwenye ngazi ya jukwaa. Hapo mtayarishaji, mgeni mmoja mwenye kofia pana, akanyoosha kidole kimoja tu, na mlinzi akaondoka alipokuwa kama aliyetekenywa.

"Bi, rudi. Jukwaani hapapandwi."

"Sipandi, mwanangu. Nnamtunza."

"Hapa hakutunzwi. Rudi."

Hakutunzwi! Kwao hakuna harusi? Mama yake hajapata kwenda taarab? Ingekuwa ni mgeni asiyejua mila ningemeza mate, lakini lugha ya kijana yule ilikuwa kama yangu, na asiye na shati aliyepanda jukwaani bado alikuwa pale pembeni anajipangusa mchanga. Huyo alipandwa na mashetani akapigiwa makofi. Bi mzima, amejisitiri, ana noti mkononi, ndiye aliyekuwa hatari.

Mama akainua mguu kwenye ngazi ya kwanza. Mlinzi akamshika bega akamvuta. Hakumpiga, sitamsingizia. Lakini alimvuta kwa nguvu, mama akayumba, mtandio ukateleza mpaka mabegani, nywele zake nyeupe zikawa nje mbele ya wanaume mia. Mimi ni kama mtoto wake, nimekula kwake, nimelala kwake, na nywele zile nilikuwa sijaziona tangu nilipobalehe.

Rafiki yangu aliona. Vijiti vilisita hewani. Mama, kichwa wazi, akamwinulia mkono wa kumwambia aendelee, kwa sababu ngoma haikatwi mtu akiwa njiani kutunza. Hiyo ni aibu kubwa kuliko zote. Akaendelea kupiga, na poda ikaanza kufanya mifereji usoni mwake.

Aliyekimbia ni mwalimu. Alimrusha mtu kando, akamfunika mama, akamgeukia mlinzi na kumwambia maneno ambayo skulini humfukuzisha mwanafunzi. Na mimi? Mimi bado nilikuwa nimeshika simu juu. Video yote ninayo, haikutikisika hata kidogo, mkono wangu ulikuwa imara. Laiti ungetetemeka.

Mama tulimkuta nje ya geti, amekaa juu ya tofali. Mtayarishaji alikuja na chupa ya maji baridi, akasema anasikitika, ni utaratibu wa usalama. Mama alimtazama kiatu.

"Sina kiu," alisema.

Muziki ulipokwisha, rafiki yangu alikuja mbio na uso wake wa poda, akapiga magoti mbele yake kwenye mchanga. Akamwomba ampe ile noti hapohapo.

"Uchochoroni?" mama alisema. "Mtu hatunzwi uchochoroni. Nlikuwa nasema neno mbele za watu, nkanyamazishwa mbele za watu. Ntalisema mbele za watu, au nisiliseme."

Akaifunga tena noti kwenye pindo.

Siku zile zilizofuata nilikuwa na hasira ya kila kitu. Nilimkasirikia mlinzi, na kofia ya mtayarishaji, na wale vijana wa bendi waliotuma ujumbe wenye vile vijisura vya simu vinavyolia kana kwamba mtu amevunja kikombe. Nilimkasirikia hata mama. Kama ameshamridhia moyoni, si aseme tu jikoni, yaishe? Nilithubutu kumwambia hivyo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Wewe ulikuwa wapi?" alisema, basi.

Asubuhi ya safari, tulimsindikiza rafiki yangu bandarini, mimi na mwalimu. Alibeba begi, lakini alikuwa amekwishatuambia kwamba anakwenda kuwaambia wale vijana wasimngoje. Radhi hakupata, na mama alitoka nyumbani alfajiri bila ya kusema anakokwenda. Watu walikuwa wamejaa, mabegi, maboksi ya samaki, watalii, mabibi na vikapu. Abiria wakaanza kuitwa. Rafiki yangu aliwakaribia wenzake na nikaona mdomo wake unatafuta neno la kuanzia.

Ndipo nikasikia harufu ya udi.

Alikuwa amevaa gauni la kijani. Alisimama kwenye kizuizi cha abiria, mtandio amejitanda vizuri, na noti tayari ameitoa.

"Piga," alimwambia mwanawe kwa sauti ya kufika mbali.

"Nipige nini, mama?"

"Kile cha siku ile."

Rafiki yangu aliliangusha begi lake gumu, akapiga magoti, akaanza kulipiga kwa viganja. Watu wakageuka. Mabibi wenye vikapu walielewa mara moja. Mmoja akapiga kigelegele kabla hata mama hajainua mguu. Na mama akaanza kuja, bega hili, bega lile.

"Bi, wenye tiketi tu," alisema mlinzi wa pale, akanyoosha mkono.

Sikujua kwamba miguu yangu inaweza kwenda haraka namna ile. Nilisimama kati ya mkono wake na bega la mama. Nilikuwa nikitetemeka, na nadhani nilimpigia kelele mtu ambaye hakustahili, maana kelele zile zilikuwa za mwenzake wa Uroa.

"Huyu ni mama yake! Anamtunza! Ukimgusa utanigusa mimi kwanza!"

Alinitazama, akamtazama mama, akasikiliza begi linavyolia. Kisha akashusha mkono, akajisogeza kando mwenyewe.

Mama alimfikia mwanawe, akaibandika noti kwenye kipaji cha uso, jasho likaishika. "Radhi unayo," alisema, na kila mtu alisikia. "Nenda kapige." Vigelegele vikapaa mpaka watalii wakaanza kupiga picha.

Rafiki yangu alipanda boti na noti yake usoni. Mimi nilibaki palepale kwenye kizuizi, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Mama alirudi taratibu, akafika kwangu, akasimama, akanitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Leo simu umeiwacha wapi?" aliniuliza.