Jina la Papa Mimba, Nililitunga Mimi

Ni mimi. Kama ulipita mu soko la Kirolirwe ukasikia watu wanamwita mutu mumoja «Papa Mimba», na ukacheka nao, ujue kama ule mwenye ulimucheka hakukosa kitu. Mwenye kukosa ni mimi, na nilikosa nikijua.

Sitaandika jina langu. Sababu yake nitaisema mbele. Kwanza nikueleze hasira, juu bila hasira hauwezi kuelewa namna mutu mwenye roho ya kulia hata juu ya kuku aliweza kufanya kitu kama hiki.

Nilikuwa natumika ku kiwanda kidogo cha fromaji, ile jibini ya mviringo ya Masisi yenye inapandaka gari mpaka Goma. Kazi yangu ilikuwa kugeuza. Kila asubui nageuza fromaji zote juu ya mbao, napangusa kila moja na maji ya chumvi, ili isioze upande mumoja. Masomo niliacha mwaka wa pili wa sekondari. Lakini mikono yangu ilijua fromaji yenye iko tayari na yenye inadanganya.

Na wakati wa kugeuza, nilikuwa naota na macho wazi. Naona nyumba ya mabati. Naona Mama amekaa, hana kitu mu mugongo. Naona fromaji yangu mwenyewe, iko na picha ya kichwa changu juu yake, nacheka. Wenzangu walikuwa wananiita Mama Kesho.

Patron wetu hakuwa mubaya. Kuongeza mushahara alishindwa. Siku moja akatuita sisi wote mu kiwanja.

«Bana bangu, franga sina. Lakini kampuni niko nayo. Kila mutu mwenye amemaliza miaka tatu hapa, namupatia ruhusa anunue sehemu ya kampuni kwa bei ya siku tulianza, wakati tulikuwa na ng'ombe sita na sufuria moja. Leo bei imepanda sana. Nyinyi mutanunua na bei ya zamani.»

«Na kuuza, Patron?»

«Kuuza, mutangoja miaka tano.»

Tuliimba siku ile. Mimi nilitoa yote nilikuwa nimechunga, nikatia mukono, nikapewa karatasi yenye muhuri wa buluu. Mama akaiweka mu Biblia. Hatukula hiyo karatasi, hatukuivaa, lakini tulilala kama matajiri.

Kiisha akakuja Papa Anselme. Jina lake la kweli si hilo. Alikuwa mutu wa ofisi ya kodi, murefu, wa pikipiki, mwenye kusema pole pole. Alikuwa na binti mumoja, Furaha, tulikuwa tunaimba naye mu korali moja, na alikuwa amekwisha kuposwa.

Alitukuta nyumbani, Mama anamenya ndizi.

«Mwanangu, ile sehemu ulinunua, unapaswa kuilipia kodi.»

«Papa, sijauza kitu.»

«Najua. Lakini ulinunua na bei ya zamani, na bei ya leo iko juu. Katikati ya hizo bei mbili kuko tofauti. Sheria inasema ile tofauti ni mushahara. Umekwisha kuupata.»

«Nimeupata wapi? Uko mu mufuko gani?»

«Uko mu karatasi.»

Mama akaacha kisu. «Papa Anselme, hiyo tofauti inaivaka? Ilete basi niipike, na weye ukule mbele ya kwenda.»

Hakucheka. «Mama, si mimi niliandika sheria.»

«Basi sikiliza. Hapa kwetu, ng'ombe ikishika mimba, kuko mutu anahesabu ndama? Hata mwizi anangoja izaliwe. Hii yenu ni kodi ya mimba.»

Alitupatia karatasi. Hesabu yenye ilikuwa pale, mimi ningegeuza fromaji mwaka muzima bila kula na nisingeifikisha. Kitu kimoja tu mu nyumba yetu kiliweza kulipa hesabu ile: shamba la Mama. Liko ku kilima, bibi yangu alililima, mama ya bibi yangu naye alililima. Maharagi, mahindi, na ndizi chini karibu na maji. Sisi tunakula pale. Hatuna pengine.

Papa Anselme alipofika ku mulango, akaangalia juu ku kilima, kiisha akasema: «Musiuze shamba kwanza. Ngojeni.»

Tu vile. Akapanda pikipiki.

Na mimi, na akili yangu ya kuota, nikaelewa hivi: analitaka yeye mwenyewe. Anangoja tushindwe, anunue bure. Tangu siku ile, kila nikimuona juu ya pikipiki yake damu inapanda. Sikuweza kumupiga patron, hakukosa. Sheria haina shingo. Papa Anselme njo alikuwa na shingo.

Wiki ile nilienda ku soko. Kuko mama mumoja anauzaka sambaza, zile samaki ndogo ndogo za Bweremana, mama wa kinywa, kila habari inapita kwake mbele ya kwenda kanisani.

«Dada, ule Papa wa kodi nimemuona ku kwenu. Kuko nini?»

«Ule? Ule njo Papa Mimba.»

«Mimba? Mimba ya nani?»

Hapa njo zambi yangu ilipo. Usiitafute pengine. Ningeweza kusema: mimba ya ng'ombe, ni mufano Mama alitoa, tulikuwa tunasema juu ya kodi. Maneno kumi, basi. Lakini niliona macho ya ule mama yanawaka, na nikajua kabisa anafikiri nini. Nikakaza kitambaa changu ku kichwa, nikatabasamu, nikamwambia:

«Si umuulize yeye mwenyewe?»

Sikusema uongo hata mumoja. Nilitabasamu tu.

Jina lilitembea. Madereva wa lori, wale wa Butembo wenye walikuwa wanakuja kupakia fromaji, walilipakia pamoja na mizigo. Siku tatu tu, wenye pikipiki ku njia panda walikuwa wanamupigia kelele: «Papa Mimba, imefikisha miezi mingapi?» Yeye anapita, hageuze kichwa. Mimi niko nyuma ya mulango wa kiwanda, mikono mu maji ya chumvi, nacheka mpaka natoa machozi.

Ilikuwa tamu, nisikudanganye. Kila nikisikia jina lile, nasema mu moyo: hii njo tofauti yako, kula.

Lakini jina la namna ile halikai bure. Linatafuta tumbo la kuingia. Na mu nyumba ya Papa Anselme kulikuwa tumbo moja la kuangaliwa: la Furaha. Watu wakaanza kuangalia namna anafunga kitenge. Akikosa mazoezi ya korali juu ya malaria, wanasema ameona aibu. Akikuja, wanasema anajikaza. Mimi nimesimama karibu naye, tunashika kitabu kimoja cha nyimbo, nasikia mama wawili nyuma yetu wananong'ona. Sikugeuka.

Siku moja ya Posho, ile Jumamosi, jua limekwisha kupanda, nilikuwa inje nasugua mbao. Nikaona ng'ombe mbili zinapanda barabara. Nilizijua. Zilikuwa ng'ombe za mahari ya Furaha, mu mwezi wa kwanza tulizipigia vigelegele wakati zilikuwa zinashuka. Sasa zinapanda, zinarudi zilikotoka, mbele ya macho ya watu wote. Kwetu hakuna tangazo lenye linapita lile. Wakwe walikuwa wametuma neno kama wanataka zirudi, na Papa Anselme hakungoja waje kuzichukua. Alizisindikiza yeye mwenyewe, kwa miguu, fimbo mu mukono, pikipiki ameacha.

Alipofika sawa na mimi akaniangalia.

«Habari ya kazi, mwanangu.»

«Muzuri, Papa.»

Akapita. Nilisugua ubao ule ule mpaka mangaribi.

Mwezi haukuisha, aliomba ofisi imutoe Kirolirwe. Walimutupa upande wa Walikale, akahama na binti yake, wakakaa Hombo. Lori ni lori, dereva ni dereva: jina lilifika Hombo mbele yao.

Mu nafasi yake wakatuma mwengine, kijana wa kalamu mbili mu mufuko. Alitukuta nyumbani, akafungua dosiye yetu, faili ya karatasi, juu ya magoti.

«Mwenye alikuwa hapa mbele yangu aliwaombea,» akasema. «Aliandikia wakubwa mara tatu. Aliomba mulipe siku mutauza zile sehemu, si leo.»

Mama akauliza: «Na wakubwa walijibu nini?»

«Walimwita aende kueleza. Siku ya kueleza ikafika yeye ameisha kuondoka. Kwa hiyo wamefunga dosiye. Muko na siku makumi tatu.»

Musiuze shamba kwanza. Ngojeni. Yale maneno yakarudi mu masikio yangu, na mara hii nikayaelewa. Hakuweza kutuahidi kitu juu hakuwa na jibu. Alikuwa anapigana, na mimi nimemukata miguu.

Mama aliuza shamba. Maharagi yalikuwa maua, hata kuyavuna hakungojewa. Mwenye kununua alikuja na kamba ya kupima, Mama akashika upande mumoja wa kamba, juu hakukuwa mutu mwengine wa kumushikia. Tukalipa kodi. Wakatupatia risiti.

Nyuma ya miezi michache, vita ikafunga barabara. Maziwa tuliyamwaga mu majani siku saba. Siku ya nane wenye bunduki wakachukua ng'ombe, na patron akakimbia na nguo zenye alivaa. Ile bei yenye ilikuwa juu, ilianguka mpaka hakuna. Nikaenda ku ofisi na karatasi yangu.

«Ile tofauti imekufa,» nikamwambia kijana. «Murudishe kodi yake.»

«Dada, kodi hairudiake nyuma.»

«Wakati ilikuwa inapanda muliiona. Inaanguka, macho yanauma?»

Alinionyesha mulango kwa adabu.

Nakwambia ukweli, mutu mwenye aliandika sheria ile bado namuwekea hasira. Niko nalala na azabu yake nimeitayarisha. Kila asubui mutu amugongee mulango, amwambie: tumesikia uliota umejenga, leta kodi ya nyumba. Tumesikia unatumaini kunenepa, leta kodi ya kitambi. Alipe mpaka aogope kutumaini. Hilo sitalitubia, Mungu anisamehe.

Lakini Papa Anselme nilipaswa kumuona. Barabara ilipofunguka kidogo, nikaenda Hombo. Alikuwa ameacha kazi ya ofisi, wanauza chumvi na sabuni, yeye na binti yake. Nilikuta Furaha peke yake anapima chumvi na kikombe. Nikamwambia yote nimesimama: ng'ombe, mufano wa Mama, sambaza, kutabasamu kwangu.

Alimaliza kupima. Akafunga kifuko.

«Kumbe weye njo ulinipatia mimba.»

Nikaokota punje za chumvi zenye zilianguka.

«Musichana mwenzangu,» akasema. «Na mimi nilikuwa natafuta baba yake upande wa wanaume.»

Akacheka peke yake, kicheko kifupi, kiisha akaita: «Papa, kuja umuone mukwe wako.»

Papa Anselme akatoka nyuma. Nikapiga magoti, nikarudilia maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

«Ulifikiri nilitaka shamba la Mama yako?»

«Ndiyo, Papa.»

«Kama ungeniuliza, ningekwambia.»

Nikalia. Akaniacha nilie, akauza sabuni kwa mutu mwenye alikuwa anangoja, akarudi.

«Simama. Machozi yako sina kazi nayo. Kule uliweka jina, enda ulitoe.»

«Na ule bwana mwenye aliniposa usimwambie kitu,» Furaha akaongeza. «Amekwisha kuoa. Utamwambia ili afanye nini?»

Hawakunisamehe, na sikuomba mara ya pili.

Nilirudi Kirolirwe, nikangoja siku ya soko. Nikasimama mbele ya ule mama wa sambaza, nikasema yote na sauti ya korali, isipokuwa kama mufano wa ng'ombe ulitoka mu kinywa cha Mama, ili hata wenye pikipiki wasikie. Wamoja wakarudi ku biashara yao. Wengine wakacheka: «Basi weye tukuite nani?» Wakanipatia jina. Liko na mimi mpaka leo, na linanistahili, lakini hapa sitaliandika. Na kuko wenye bado wanasema «lakini moshi hautoke bure.» Kwa hao sina dawa. Jina linaingia mu masikio kwa kutabasamu kumoja, kulitoa nimetumia sauti yote na halijatoka lote.

Ku soko nilisema na uso wangu. Hapa nimeficha jina juu ya Mama. Mama hajui bado kama ni ule mufano wake wa ng'ombe njo niligeuza kisu. Nataka asikie neno hilo mu kinywa changu, si mu kinywa cha jirani mwenye amesoma. Siku hazijanipatia nguvu.

Anaenda kulima kwa siku, Mama. Mu shamba lile lile. Mwenye kununua alimuajiri juu hakuna mwenye anaujua ule udongo kama yeye. Juzi nilimupelekea chakula, nikamukuta anapalilia. Akanionyesha na jembe: «Hapa chini usipande maharagi karibu na maji, inapandaka.» Alisema kama vile tutapanda sisi. Mwenye shamba akapita juu ya kilima, akaita: «Mama, mufanye haraka, mvua inakuja.» Mama akainama tena.

Wewe mwenye wamekulipisha kitu haujakula, ukasirike. Uko na haki, na mimi nitakasirika pamoja na wewe. Lakini mutu mwenye amesimama ku mulango wako na karatasi, mbele ya kumutungia jina, mukalishe, umuulize: Papa, wewe unasema nini juu ya hii? Mimi sikuuliza. Ningeuliza ile moja tu, Mama angekuwa analima kwake.