Mlango wa Kijani wa Igawa

Kuhamisha duka kunachosha kuliko kulifungua. Nalijua hilo tangu miaka ile ya hamsini, serikali ilipoipeleka barabara kuu upande wa pili wa Igawa, na duka la shangazi na mumewe likabaki linatazama vumbi.

Tulikuwa tumeshang'oa rafu na kuezua mabati. Nilipoushika mlango wa kijani, akaja mama jirani, mteja wa chumvi na mafuta ya taa. Alitusalimu "kamwene" mmoja mmoja, bila haraka, kisha akauwekea mlango kiganja kama anayezuia mtoto asianguke.

"Mama, huu niachieni," alimwambia shangazi. "Baba watoto alipokwenda migodini tuliagana hapa. Nilimwambia, ukirudi, mwambie dereva akushushe penye mlango wa kijani."

"Lakini dada, magari hayapiti tena huku."

"Najua. Yeye ndiye hajui."

Shangazi aliketi juu ya gunia la chumvi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Weka nyundo chini," shangazi akaniambia. "Mlango tutanunua mwingine."

Waliopima barabara mpya walikuja na kamba na vigingi. Sidhani kama kuna aliyeuliza nani anasubiriwa kwenye ile ya zamani.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Kuta za udongo zilikuwa zimekwenda na mvua. Mlango ulisimama peke yake kwenye fremu yake, na mbele yake palikuwa pamefagiliwa asubuhi ile.