Mgongo wa Masanja

Pamba iliyotoka shambani ikirundikwa ndani ya nyumba ina harufu yake: vumbi, mafuta ya mbegu na joto la jua. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Dutwa, harufu hiyo ilichanganyika na ya mkojo, maana mdogo wangu Masanja alilala juu ya pamba. Alizaliwa na mgongo wazi. Madaktari wa Mwanza walimshona akingali mchanga, lakini mishipa ya fahamu ilikuwa imeshaharibika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, wala hakujua mkojo unapokuja. Mkeka ulimchubua vidonda asivyovisikia, ndipo mama akaanza kumtengea rundo lake la pamba, lisilopelekwa kuuzwa. Miezi ya mavuno ikawa miezi yake ya raha. Wachumaji wakipita na mizigo walitania, “Pamba ya kwa Masanja haihitaji chumvi!” Naye alijibu kwa sauti kutoka ndani, “Basi njooni na ugali!” Mimi, Nkwimba, nilikuwa darasa la tano. Yeye hakuwa na darasa, kwa sababu shule haikumtaka na harufu yake, lakini madaftari yangu yote aliyajua.

Msimu ninaoukumbuka, nesi wa zahanati alikuja kututembelea. Alikuwa mwanamke mpole, nami hadi leo simlaumu. Alimsalimia bibi kwa Kisukuma, akakaa kwenye kigoda uani, akamweleza mama taratibu jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. “Mama Nkwimba, ukitaka mtoto mwingine, anza kumeza vidonge hivi kabla hujashika mimba. Mgongo wa mtoto unajifunga mwezi wa kwanza tu, wewe hata hujajua kama una mtu tumboni. Kinga ni bora kuliko tiba. Asije akazaliwa mwingine kama huyu.” Masanja alikuwa pembeni akichambua pamba, akitenga safi na fifi, yaani ile nyeupe na ile yenye madoa. Mikono yake ikasimama.

“Kumbe kuna dawa ya kunizuia mimi?”

“Si wewe, baba,” nesi akasema. “Ni ugonjwa.”

“Sasa ugonjwa unaishia wapi, na mimi naanzia wapi?”

Nesi akamtazama mama, mama akatazama chini.

Vidonge viliwekwa kwenye kopo juu ya ukuta, karibu na paa, vikakaa huko. Bibi, mama yake baba, alikuwa na sababu yake. Kwetu mimba haitajwi mpaka tumbo lijitaje lenyewe. Sasa kumeza dawa ya mimba ambayo haipo, alisema, ni kuwaita wenye macho mabaya wakusubiri mlangoni. Watu wote walidhani mama anamtii mkwewe. Lakini siku moja, tukimenya viazi vya michembe, nilimsikia akimwambia bibi, “Kila nikilishika lile kopo, ananitazama. Nikimeza mbele yake, ni kama namwambia nilikosea kumzaa.” Bibi akaendelea kukata viazi vipande vyembamba vya kuanika. “Basi acha, ng'wanone,” akamwambia, yaani mwanangu, kama anavyoambiwa mwana wa kumzaa mwenyewe. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Siku ile hakuna aliyelikumbuka neno hilo.

Aliyekata shauri alikuwa Masanja. Asubuhi moja, uji ukiwa bado wa moto, aliniagiza nipande nilishushe kopo. Alilitikisa mara mbili, akampa mama. “Meza, mama. Mimi nimeshazaliwa. Haviwezi kunitoa.” Mama alicheka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, akameza. Tangu hapo, kila asubuhi Masanja alijifanya nesi: “Mama Nkwimba! Dawa!” Nyumba ikawa nyepesi, kama vile jambo lilikuwa limekwisha.

Kumbe mama alikuwa tayari mjamzito. Hakumwambia mtu, kama desturi ilivyotaka. Huenda mwanzoni hata yeye hakuwa na hakika. Mgongo wa mtoto ulikuwa umeshapitisha mwezi wake wa kujifunga, na vidonge vilivyofuata havikuweza kurudi nyuma. Mtoto wa kike alizaliwa mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza. Mgongo wake ulikuwa wazi kuliko wa Masanja, naye hakuishi hata kupewa jina. Wanawake walipotoka kumzika, Masanja alimvuta mama kanga.

“Nilichelewa kusema?”

“Hapana.”

“Alifanana na mimi?”

“Macho,” mama akasema. “Macho kama yako kabisa.”

Masanja naye tulimzika akiwa kijana mwembamba, figo zilipomshinda. Leo madukani Dutwa kuna unga wa pakiti wenye virutubisho vile vile vya vidonge, lakini sisi tunaokula mahindi yetu wenyewe na kuyasaga kwenye mashine ya kijijini, unga huo haufiki chunguni kwetu. Vidonge vipo zahanati, lakini mabinti bado wanakwenda tumbo likishaonekana. Nawaambia wasione haya: mficha uchi hazai. Vidonge havizuii kila mara, ila huzuia mara nyingi. Nimeosha vidonda vya Masanja kwa mikono hii, na siwezi kumtakia mtoto yeyote maumivu yale. Lakini namsikia pia mtu akisema watoto wa namna ile wasingepaswa kuwapo, naye anamzungumzia ndugu yangu. Hujafa hujaumbika.

Nami nilimeza kabla ya kila mimba. Mwaka huu binti yangu amenikuta na kidonge mkononi, akauliza ni cha nini. Nimemwambia ni cha mgongo wa mdogo wake atakayekuja.

“Mjomba Masanja hakupewa?”

“Hakupewa. Hatukukijua. Na tulimtaka vile vile alivyokuja.”

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kucheza. Nikabaki na kikombe cha maji. Sentensi zile mbili, ya kidonge na ya kwamba tulimtaka, zilikuwa fupi kiasi kile, na uani kwetu siku ile nesi alisema moja tu, nasi sote tulioketi pale hatukumwongezea Masanja ya pili.