Saa Tano Kando ya Mama Mkwe

Ukurasa mmoja wa mtandaoni uliniambia Nairobi hadi Dubai ni kilomita elfu tatu na mia tano hivi, mwendo wa saa tano angani. Mama mkwe wangu hakujali kilomita. Nilisimama uani kwake Butere, yeye akiwa ndani, tukaongea kupitia dirishani kama kawaida yetu.

"Hiyo ndege inachukuanga saa ngapi? Na wewe utakaa wapi?"

Nikababaika. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawapeani mikono, hawali meza moja, sembuse kukaa bega kwa bega. Tangu nioe nilikuwa nikimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Sasa tiketi zilikuwa za viti vilivyopakana, na mke wangu, anayefanya kazi Dubai, alikuwa karibu kujifungua kwa upasuaji. Alikuwa amelia kwenye simu: "Mama asipokuja, siingii chumba cha upasuaji. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia.

"Nitaenda," akasema. "Lakini usiniangalie."

Nikataka kumtuliza kwa hesabu, nikajichanganya mwenyewe. Kisumu hadi Nairobi kwa ndege, nikasema, ni chini ya saa moja. Akauliza iweje basi Butere hadi Kisumu kwa gari pachukue muda mrefu zaidi. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege wa Nairobi tulingoja kuliko tulivyokuwa tumesafiri, kila mmoja na benchi lake, nikashindwa kujua kama tuko karibu na Dubai au bado tuko nyumbani.

Ndani ya ndege nilimwomba mhudumu anibadilishie kiti. "Imejaa," akasema kwa tabasamu. "Si ni vizuri familia ikae pamoja?" Nilitamani kumweleza, lakini ningeanzia wapi? Mama alijifunika leso mpaka usoni, akageukia dirisha. Mimi nikageukia njia. Shingo iliniuma vibaya.

Kisha tukaingia kwenye mawingu, ndege ikaanza kurukaruka. Mkono ukatoka ndani ya leso, ukaukamata wangu. Mawingu yalipita, mkono haukuniachia. Niliona aibu, niliona raha, nikaogopa hata kujikuna. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha la kufanya hapo.

Tulipokaribia kutua, rubani akatangaza saa ya Dubai. Ilikuwa imeipita yangu kwa saa nzima.

"Hiyo saa moja imeenda wapi?" mama akauliza.

Nikaeleza mambo ya jua na mashariki, nikapotelea katikati. Kwa kweli hata mimi sikuelewa ni nani ameichukua.

Akauachia mkono wangu taratibu, akatengeneza leso. "Kama hiyo saa haiko, basi hata mkono sikukushika. Haya, nipeleke kwa mtoto wangu."