Mkono wa Bibi wa Mtinko

Juzi nimerudi Singida kwa sikukuu, watoto wa kaka yangu wakapanga foleni kunibusu mkono. Nikaurudisha haraka. Wakadhani nina kidonda. Ngoja nikwambie wewe, maana wao bado wadogo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mabusu. Bibi mzaa baba, ambaye wazee wake walikuja kutoka pwani kufanya biashara, alibusu msahafu akimaliza kusoma, alibusu nyayo za vichanga, na kipande cha mkate kikianguka alikiokota, akakipuliza vumbi, akakibusu. Sisi wajukuu kila asubuhi tulimpa shikamoo kisha tukambusu mkono ulionukia karafuu. Usipobusu, chai ya maziwa utaisikia harufu tu.

Bibi mzaa mama alikuwa mkulima wa Mtinko, na huko kwao shikamoo ilitosha. Alitutembelea baada ya mavuno na kuku wawili na dumu la asali, akawa anakaa mkekani pembeni, anatutazama tunavyomwamkia mwenzake. Siku ya tatu, asubuhi mapema, nilimkuta bombani uani anasugua mikono kwa jiwe na sabuni ya kufulia. Anasugua, ananusa, anasugua tena. Nikadhani ni usafi tu, mjinga mimi.

Tulipoingia kuamkia, bibi wa Mtinko naye akanyoosha mkono, kiganja chini, kama alivyomwona mwenzake. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo usio na breki. Nikasema shikamoo, nikasimama palepale.

"Wangu haubusiwi?" akauliza, anatabasamu.

"Unanuka ng'ombe," nikamjibu.

Binamu zangu wakaangua kicheko. Haukunuka ng'ombe, rafiki yangu. Ulinuka sabuni. Akauingiza mkono chini ya khanga, akasema marahaba, akaniuliza habari za shule. Tangu siku hiyo kila nilipomwamkia, mkono ulikuwa ndani ya khanga, na mimi kwa aibu sikuuomba. Nikasoma, nikaolewa, kila mwaka najiambia sikukuu ijayo.

Alipofariki nilifika Mtinko ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Wakanifunulia uso nimuage. Nikambusu kwenye paji, halafu nikaomba mkono. Mama mdogo akanishika bega.

"Mikono imeshafungwa, mwanangu."

Nyumba yetu ya mjini leo ina wapangaji, na bomba la uani limeng'olewa. Mkate ulioanguka vumbini nimeubusu mara nyingi mno maishani. Mkono uliosuguliwa kwa ajili yangu sikuubusu hata mara moja.