Proksi Yangu ya Kamenge

Nimezunguka miji mingi, kuanzia Kigoma hadi Lubumbashi, lakini aibu ya Jumamosi hapa Kamenge sijawahi kuiona.

Intaneti ya duka langu la kompyuta za kukodi ilikuwa nzito. Nikaweka mfumo wa Linux, nikapanga kwa mkono wangu seva ya proksi, mashine inayohifadhi nakala za kurasa ili zisivutwe upya. Niliiamuru ihifadhi kila kitu. Kurasa zikafunguka papo hapo, nami nikatembea kifua mbele.

Mama Furaha alikuja kila asubuhi kutafuta barua pepe ya binti yake aliyekimbilia Ubelgiji.

"Bado hakuna kitu, patron?"

"Apana, mama. Batoto bakifika Bulaya, banasahau."

Akalia. Nikampa kiti na mawaidha zaidi.

Jumamosi binti mwenyewe akaingia akiburuta valizi lake la nguo.

"Mama, nimeshuka ndege, nimekungoja ku aeroport mpaka nimechoka! Si nilikuandikia?"

Mama akanielekezea kidole. Binti akainama kwenye skrini, akasoma tarehe iliyo juu.

"Patron, hii ukurasa ni ya wiki yenye ilipita."

Wateja wote wakaanza kutafuta tarehe kwenye skrini zao, wa kwanza askari aliyekuwa akisoma habari za vita.