Nilivyompasua Mbuzi wa Posa Yangu

Mkasa huu wakwe zangu huusimulia vizuri kuliko mimi, na kila mwaka wanauongezea chumvi, mpaka juzi nikamsikia shemeji yangu akiwaambia wageni kwamba nilimfukuza mbwa hadi karibu na Moshi, basi nikaona heri niuandike mwenyewe wakati aibu ingali na kipimo chake halisi. Aibu ipo, sikatai. Niliaibika mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya shangazi zangu waliovaa khanga mpya, na mbele ya msichana niliyetaka kumwoa, tena niliaibika nikiwa nimesimama wima, nikijiona mtu wa maana sana, na hakuna namna ya kuaibika iliyo mbaya kuliko hiyo.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa nimemaliza udaktari kule Kampala, nikabakizwa chuoni kuwa mwalimu msaidizi katika idara ya patholojia. (Patholojia, kwa wasiojua, ni elimu ya kukitazama kiungo na kueleza ugonjwa ulikifanya nini, mama yangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa watu ambao hawawezi tena kulalamika, na hakukosea sana.) Kama vijana wote waliobakizwa chuoni, niliamini kwamba idara nzima ilikuwa ikifundisha vibaya huku ikinisubiri mimi. Na kwa kweli ilikuwa ikifundisha vibaya. Wanafunzi walijifunza kwenye chupa: ini ndani ya dawa, pafu ndani ya dawa, figo ndani ya dawa, vyote vimekaa humo miaka na miaka hadi vikawa na rangi moja ya chai ya maziwa, na mwanafunzi alikariri kwamba chupa yenye kifuniko kilichopasuka ndiyo kansa ya ini, kisha siku ya mtihani mtu akabadilisha kifuniko na nusu ya darasa ikaanguka. Nilimwendea mkuu wa idara, Mwingereza mpole mwenye kiko, nikamweleza kwamba wanafunzi wanahitaji viungo vibichi, vyenye rangi na uzito na harufu yake, hata vya mbuzi na ng'ombe kutoka machinjioni, wavishike, wavikate, waseme wanachokiona kwa macho yao. Akavuta kiko, akasema ni wazo zuri, tulifikirie. Maana ya tulifikirie niliijua.

Likizo ile nilirudi Meru kuposa. Msichana aliitwa Ndeshi, mwalimu wa shule ya misheni upande wa Kimandolu, mtu wa maneno machache na macho yanayosahihisha. Baba yake, Mzee Elifasi, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa mlimani, juu ya Usa River. Mshenga wangu alikuwa Baba Mdogo Anaeli, mdogo wake marehemu baba yangu, na yeye alikuwa amekwisha kuyamaliza maneno yote ya mwanzo, ikabaki siku moja tu: tupande kwao na mbuzi, mbuzi achinjwe, nyama igawanywe kama wanavyogawana wao, kisha Ndeshi aitwe mbele ya watu aulizwe kama anakubali. Nyama ikiliwa na jibu likitoka, nimepata mke. Nyama isipoliwa, kila mtu anarudi kwao na hamu yake.

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia. Siku mbili kabla ya safari nilikutana sokoni Arusha na Saidi, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, mtu mzima mwenye ndevu, nyumbani kwao Daraja Mbili. Alikuwa ameanguka mtihani wa patholojia na alitakiwa kuurudia likizo ikiisha, na alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuwaambia wazazi kwamba alifaulu. Akaniomba nimsaidie. Mwalimu mwenye akili angempa vitabu. Mimi nilimwambia kwamba Jumamosi nakwenda mlimani, na kwamba kutakuwa na mbuzi.

"Nije kwenye posa yako, Mwalimu?"

"Utasimama nyuma. Ni dakika chache tu, tunatazama ini na mapafu, basi."

Baba Mdogo alipomwona Saidi ameongezeka katika msafara akauliza huyu nani, nikasema ni rafiki, na kwa kuwa Saidi alijitwisha mkungu wa ndizi bila kuambiwa, akapita.

Tulipokelewa vizuri sana. Wazee walikuwa wamepanga viti uani, kina mama wako jikoni na ndizi na maharage, kulikuwa na pombe ya ndizi ambayo wazee wa kanisa waliiita togwa, na mimi nilikuwa nimevaa suti ya kijivu iliyoshonwa na fundi wa Kihindi mjini, nimeketishwa mahali pa heshima ambapo mchumba hukaa akitazama viatu vyake. Kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo tu, kutazama viatu. Vijana wa kwao walimchinja mbuzi wetu nyuma ya nyumba, wakamchuna, wakamlaza juu ya majani ya mgomba, na waliposema wanampasua, Saidi akanitazama, nami nikasimama nikasema ngoja nikawasalimu vijana.

Niliwasalimu, hilo ni kweli. Kisha nikamwomba mmoja kisu.

Hapa inabidi nieleze jambo la kazi yetu. Mchinjaji anamtoa mnyama kipande kwa kipande, kwa sababu anafikiria nani atakula nini. Mtu wa patholojia anaanza kwenye ulimi, anashuka na koo, anashika mapafu na moyo, anaendelea hadi ini na figo, anavitoa vyote kwa pamoja vimeshikana kama nguo kwenye kamba, ili aone ugonjwa umetoka wapi ukaenda wapi. Ni kazi safi sana ukiijua, na mimi nilikuwa naijua. Nilimwonyesha Saidi, nikamwambia ashike hapa, akate pale, aseme anachokiona, naye akaanza kuona, jamani, yule mtu aliyeanguka mtihani akaanza kunitajia vitu ambavyo kwenye chupa hakuvitambua hata kimoja, nami nikavua koti, nikaupasua moyo ili aone milango yake, nikazipasua figo, nikafungua koromeo lote kwa urefu. Vijana wa kwao walisimama wakitazama. Hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba kwao ulimi hautoki kichwani, kwa sababu kichwa kizima ni cha mjomba wa bibi harusi, na kwamba moyo haupasuliwi, na kwamba ini ni la Mzee Elifasi mwenyewe na humfikia likiwa zima. Mimi ni Mmeru, nilikuwa najua kwamba kuna taratibu. Nilizisahau kama mtu anavyosahau kofia.

Ndipo tukafika kwenye ini. Lilikuwa na uvimbe mweupe, wa duara, mkubwa kama yai la bata, na mwingine kando yake, na kwenye pafu mwingine tena. Nilipochoma, yakatoka maji meupe kabisa, na ndani yake punje ndogo kama mchanga. Ni mafuko ya tegu, mnyoo yule wa mbwa, na Saidi aliusoma ugonjwa huo mwaka mzima kwenye chupa iliyokauka.

"Ni mzuri sana huu," nikasema kwa sauti. "Saidi, hutaona mzuri kama huu tena."

Nilipoinua kichwa, wazee wote walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Mtu mwenye akili hapo angefunika kila kitu kwa jani la mgomba akaomba radhi. Lakini mimi niliona watu wamekusanyika, na mwalimu akiona watu wamekusanyika hudhani wamekuja kusoma. Nikaliinua lile ini juu ili hata wa nyuma waone. Nikawaeleza kwamba mbuzi huyu alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, kwamba mbwa wakila mafuko haya hupata tegu, na mayai ya tegu hutoka kwa mbwa yakaingia kwa mtoto anayemchezea, na mtoto akavimba ini kama hili hili. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kufundisha vizuri vile hata chuoni. Mzee mmoja aliuliza kama mafuko hayo yanauma, nikamjibu kwa kirefu. Baba Mdogo alikuwa ananikonyeza kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili, mwisho akanisogelea hadi sikioni.

"Mwanangu," akasema, "mfunike huyo mbuzi."

"Nyama yake haina neno, Baba Mdogo. Ni ini na mapafu tu ya kutupa."

"Nani alimleta mbuzi?"

Tulimleta sisi. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa mkwe, mikono imelowa, nikiwathibitishia watu wote, kwa elimu ya chuo kikuu, kwamba nimekuja kumposa binti yao kwa mbuzi mgonjwa.

Mara mbwa mwekundu wa nyumba ile alipita katikati ya miguu ya wazee, akanyakua pafu kutoka juu ya majani, akaondoka nalo. Hapo sikufikiria. Nilikuwa nimetoka kuwaambia watu kwamba mbwa akila lile pafu atawaletea ugonjwa nyumbani, sasa nimwachie? Nikamfukuza. Nilimfukuza kwenye migomba, nikamfukuza kwenye kahawa ya Mzee Elifasi (matawi yalivunjika, sikatai, lakini si mengi kama wanavyosema), Saidi akazunguka upande wa juu akipiga kelele, na kwenye mfereji wa maji mbwa aliruka nami nikaruka, yeye akavuka. Nilitoka mferejini nimelowa hadi kifuani, lakini pafu nililipata, alikuwa ameliangusha, nikaliinua juu kwa furaha ili watu wajue hatari imekwisha. Nilipogeuka, mbele yangu kina mama walikuwa wamesimama na vyungu vya ndizi, bibi yake Ndeshi ameshika mdomo, na Ndeshi mwenyewe katikati yao, katika gauni alilolishona kwa siku ile.

Nikamwamkia bibi. "Shikamoo, Bibi." Pafu likiwa bado juu.

Bibi aliitikia marahaba, ni mtu wa adabu.

Nyama haikuliwa. Mzee Elifasi alisema kwa upole kwamba watu wamechoka na mvua huenda ikanyesha, tukapewa chai, na chai isiyo na kitu kingine kwa watu wa kule ni njia ya kuelekezwa mlangoni. Nilizika ini na pafu kwa mikono yangu, nikawekea jiwe juu. Ndeshi alinikuta pale, akasimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

"Leo nilikuwa niulizwe kama nakubali," akasema. "Nilikuwa nimeandaa jibu langu tangu juzi."

Nikamuuliza jibu gani.

"Mmemtazama mbuzi siku nzima. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu."

Akaenda zake. Njiani kushuka, Baba Mdogo hakusema neno, na shangazi zangu walisema mengi.

Ilimchukua Baba Mdogo wiki nyingi za kupanda na kushuka mlima kuyatengeneza. Katikati ya hizo nilirudi Kampala, Saidi akafanya mtihani wake, akaletewa ini la ng'ombe mbele yake, akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, akafaulu. Mkuu wa idara akaniuliza huyu bwana amepatwa na nini, nikamsimulia yote, akacheka hadi kiko kikazimika, na muhula uliofuata wanafunzi wakaanza kwenda machinjioni kila wiki. Kwa hiyo kuhusu ufundishaji nilikuwa sahihi, na hilo silirudishi nyuma hata leo, hata mbele ya shangazi.

Mwishowe Mzee Elifasi akakubali tuje mara ya pili. Masharti yalikuwa mbuzi mwingine, bila mwanafunzi yeyote, na mimi nikae kati ya shangazi wawili, mgongo umeelekea kule wanakochinjia. Nikakaa. Nilisikia mbuzi akichinjwa, nikasikia kisu kikichuna, kisha sikusikia kitu tena. Watu walianza kunong'ona. Hatimaye Mzee Elifasi akaja, amebeba ini kwenye jani la mgomba, lote zima, akaliweka mbele ya magoti yangu na kisu kando yake.

Akasema kwamba tangu siku ile, mlimani pale hakuna mtu anayekula mbuzi kwa amani. Kila ini linageuzwa, linaangaliwa juani, linagombaniwa. Nyama ya leo haitagawanywa mpaka daktari aseme.

Nikatazama kisu. Ini kwa nje lilikuwa zuri, lakini kwa nje hakuna anayejua, linajulikana likikatwa. Nikikata, nimerudia yale yale mbele ya watu wale wale. Nisipokata, hawali, na wasipokula sina mke. Nikaweka mikono chini ya mapaja yangu. Shangazi wa kulia akanishika bega, tayari kwa lolote.

Ndeshi akatoka kwa kina mama. Hakuitwa, alitoka tu, akavuka ua mzima mbele ya wazee, akaokota kile kisu akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kata," akasema. "Lakini usifundishe."

Nikakata. Kipande baada ya kipande, chembamba, kama inavyotakiwa, na kila kipande kilikuwa na jambo la kueleza, namna damu inavyopita, mahali nyongo inapokaa, na watu wote wameinama wanasubiri kusikia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na tangu siku hiyo niliapa kwamba kwenye nyumba ya wakwe nitalitazama ini lolote nitakaloletewa, na nitafunga mdomo. Nilipomaliza nikaweka kisu chini, nikamtazama Mzee Elifasi, nikasema neno moja.

"Safi."

Ndipo wakamgeukia Ndeshi, wakamuuliza.